Waya wa Chumba cha Kuonana

Tangu nirudishe funguo za chumba cha mitambo, simu yangu haipoi. Nyinyi vijana mlionirithi mnapiga, mnanipa shikamoo ya haraka, kisha mnauliza: "Bi Mwamini, kompyuta ya mezani tuivutie waya au tuiache na waifai?" Jibu fupi mnalijua, nimewaimbia miaka mingi. Jibu refu lina watu ndani yake, na watu hawaenei kwenye simu ya dakika mbili. Ndiyo maana nimekaa hapa kwangu Rusimbi niliandike. Mambo ya vyeo sitayagusa. Cheo changu cha mwisho kilinipa kiti cha kuzunguka na maumivu ya mgongo, na kiti wamebaki nacho wenyewe.

Nilianza kazi miaka ya tisini, wakati wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia mkoani kwetu kwa miguu na kwa mitumbwi, na mashirika ya misaada yalikodi kila nyumba ya Kigoma yenye paa zima. Yetu ilikuwa kwenye mteremko unaoangalia bandari. Mimi niliajiriwa kwa sababu nilijua kupiga chapa bila kutazama vidole, ujuzi nilioupata kwa masista. Kompyuta zilikuwa chache, na zote zilifungwa kwenye waya mmoja mweusi, mnene, uliotoka mashine hii kwenda ile kama kamba ya kuanikia nguo. Uzuri wake ulikuwa kwamba ulikuwa rahisi kuuelewa. Ubaya wake ni kwamba ukilegea mahali pamoja, ofisi nzima ilikufa.

Siku yangu ya kwanza ilikufa. Nilikuwa sijamaliza hata chai. Watu wakatoka vyumbani wakiulizana nani amefanya nini, na macho yakaanza kuja kwangu, maana mgeni ndiye mwizi wa kwanza. Ndipo akaingia mtu mrefu mwenye mvi za pembeni, bisibisi imekaa nyuma ya sikio kama kalamu. Alikuwa Mzee Anselimu, Muha wa upande wa Kasulu, aliyesomea simu na kuzitumikia nusu ya maisha yake, akipanda nguzo kutoka Kigoma hadi Uvinza. Hakuuliza nani amefanya nini. Alipiga magoti, akaingia chini ya meza ya kwanza, akaniita.

"Binti, njoo na wewe. Leta tochi."

Nikaingia na sketi yangu mpya. Tukatambaa meza hadi meza. Kwenye meza ya mhasibu akasimama.

"Unaona nini?"

"Vumbi, Mzee."

"Kote?"

Nikamulika vizuri. Hapakuwa na vumbi kote. Kando ya plagi ya mhasibu palikuwa na mstari safi, mahali ufagio ulipopita asubuhi ile. Mzee akaigusa plagi kwa kidole kimoja, ikacheza. Akaikaza. Huko juu watu wakashangilia kama wamefunga goli.

"Mashine haisemi uongo," akaniambia tukiwa bado chini ya meza. "Ila inajibu swali uliloiuliza tu. Kwa hiyo jifunze kuuliza."

Wiki ile ile akaniomba kwa mkuu wa ofisi niwe msaidizi wake. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu sikuilalamikia sketi.

Vifaa vyake alivibeba kwenye mfuko wa turubai ulioshonwa na mkewe, wenye kijimfuko cha kila kitu: koleo la kubania vichwa vya waya, kisu kidogo, kipima mkondo, mkanda wa kupimia, na kipande cha sabuni. Sabuni ilikuwa ya mikono. Alinawa kabla ya kufungua waya mpya, kama mtu anayekwenda kula. Zilipokuja nyaya mpya, zile zenye nyuzi nane za rangi ndani, alinifundisha mpangilio wa rangi mpaka nikauota. Nyuzi zile zimesokotwa mbilimbili, na mafundi wengi hupenda kuzinyoosha sana ili ziingie kwenye kichwa kwa urahisi. Yeye alikataa.

"Hawa ni mapacha," alisema. "Waache wamekumbatiana mpaka mlangoni. Ukiwatenganisha mapema wanaanza kusikia maneno ya jirani."

Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu jambo hilo baadaye. Vyote vinasema hivyo hivyo, kwa kurasa nyingi zaidi.

Kisha ikaja waifai. Mliozaliwa siku hizi hamwezi kujua ilivyokuwa. Mgeni mmoja kutoka makao makuu alishuka na kisanduku chenye masikio mawili, akakitundika ukutani, akafungua kompyuta yake ya mapajani nje kwenye baraza, na barua pepe zikaingia bila uzi wala kamba. Watu waliichungulia mashine ile kwa chini, wakitafuta waya uliofichwa. Mkuu wetu wa ofisi wakati ule, mtu mpenda usafi, akaamua papo hapo kwamba nyaya zote zitolewe, hata za kompyuta za mezani, kwa kuwa zinachafua macho.

Nilitegemea Mzee Anselimu atanuna. Wapi! Alizunguka ua mzima na ile kompyuta ya mapajani mikononi, akaenda mpaka kwenye tangi la maji, akarudi, akatabasamu peke yake. "Hii ni kazi ya watu wenye akili sana," akasema. Nyaya akazitoa kama alivyoagizwa, akazikunja vizuri, akazining'iniza stoo. Baada ya muda si mrefu mhasibu akaanza kulalamika kwamba kazi zake zinakatika katikati kila mtu anapofungua simu au kompyuta yake, na mkuu akaja mwenyewe stoo kuuliza kama zile nyaya bado zipo. Mzee akazirudisha bila neno. Ila nilipomsukuma sana aseme jambo, akasema hili, ambalo ndilo jibu fupi ninalowaimbia: "Kinachohama kipe hewa. Kinachokaa kipe waya."

Msidhani alikuwa mtumwa wa waya. Tulitumwa Mwamgongo, kule kaskazini mwa Gombe, kuunganisha zahanati na banda la kupokelea watu waliokuwa wakishuka kwa boti. Kati ya majengo hayo mawili kulikuwa na kijito. Mganga wa zahanati, aliyekuwa amesikia sifa za Mzee, alikuwa ameshachimbisha mtaro mpaka ukingoni, akatupokea kwa fahari.

"Mzee Anselimu, mtaro wako huu hapa."

Mzee akashuka kwenye kijito, akatazama mawe makubwa yaliyolundikana kwenye kona na majani makavu yaliyonasa juu ya matawi, juu kuliko kichwa chake. Akapanda tena.

"Daktari, nashukuru kwa mtaro. Lakini maji haya yanapita pale," akaonesha yale majani. "Bomba langu la waya watalikuta wavuvi ziwani."

Tukafunga antena mbili zinazotazamana, moja kila upande wa kijito. Zimefanya kazi miaka na miaka. Mganga alipanda mihogo kwenye mtaro wake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Lilipokuja wimbi jingine la wakimbizi, tulihamishiwa kambini, upande wa Kasulu, kwa miezi mingi. Kambi ilifurika. Watu walikuwa wamekimbia kwa njia tofauti, mume kupitia msituni, mke kupitia ziwani, mtoto mgongoni mwa yeyote aliyekuwa na mgongo. Mwenzetu mmoja, Neema, kazi yake ilikuwa kuwatafuta waliopotezana. Akimpata mtu katika kambi ya nchi nyingine, waliwekwa mbele ya kompyuta, huyu huku na yule kule, wakaonana kwa picha. Chumba hicho watu wenyewe walikiita Chumba cha Kuonana. Kilikuwa cha matofali mabichi na mabati, nje ya uzio wa ofisi, jirani na jiko la uji. Ndani mlikuwa na meza ya chuma, benchi, na kompyuta ya mezani. Kwa haraka ya siku zile kompyuta ilipewa waifai, kupitia kipokezi kidogo kilichochomekwa mgongoni mwake.

Picha iliganda. Kila mtu alijua inaganda, na watu walizoea, kwa sababu picha ikiganda sauti iliendelea kusikika kidogo kidogo, na mtu akisikia sauti ya mamaye hajali sana kama pua imenyooka. Tulikuwa na kazi nyingi. Chumba kile kilisubiri foleni kama vyumba vingine.

Mpaka alipoingia Daforoza.

Daforoza alikuwa mama wa makamo kutoka Burundi, kiziwi tangu kuzaliwa. Hakuwahi kupelekwa shule ya viziwi. Lugha yake ilikuwa ishara za nyumbani kwao, walizozitunga yeye na watu wake jikoni na shambani, ambazo nje ya mji wao hakuna aliyezijua. Alikuwa akimlea mjukuu wake Kezia, mtoto wa kama miaka minne. Mama yake Kezia, Goreti, alipotezana nao usiku wa kukimbia, Kezia akiwa bado ananyonya. Goreti alivuka ziwa kwenda Kongo, akateremka mpaka Zambia, na huko ndiko Neema alikompata. Alikuwa amepewa nafasi ya kuhamia nchi ya mbali na safari yake ilikuwa imekaribia.

Siku ya kuonana Kezia alikuwa na homa, akaachwa amelala kwa jirani. Goreti akatokea kwenye kioo. Mama na binti wakaangaliana, mikono ikaanza. Jirani yao aitwaye Yuliana, aliyekuwa amejifunza ishara za Daforoza kwa kukaa naye, ndiye aliyekuja kunieleza yaliyotokea. Goreti aliuliza habari za mtoto. Daforoza akaonesha ishara ya Kezia, ambayo ni kugusa sikio mara mbili, kisha akaweka kiganja shavuni na kufumba macho: amelala. Baada ya hapo alitaka kuonesha paji la uso, kwamba ana homa kidogo, na mlango wa jirani, kwamba yuko kule.

Picha ikaganda kwenye kiganja na macho yaliyofumbwa.

Kwa ishara za watu wale, kulala na kufa hutofautiana kwa kinachofuata tu. Kule Zambia, Goreti aliona jina la mwanawe, kisha mama yake amefumba macho na hafumbui. Sauti ikafika kidogo, nayo ilikuwa kilio cha Goreti. Kisha kila kitu kikakatika.

Neema alituma ujumbe kwa wenzake wa Zambia: mtoto mzima, amelala tu. Goreti akajibu kwamba aliwahi kudanganywa hivyo kuhusu mumewe, na watu wenye huruma. Wakamtumia picha ya Kezia. Akaitazama, akasema, "Mimi niliacha kichanga. Nitajuaje huyu ni nani?" Yuliana akazungumza naye kwa simu. Akamshukuru kwa heshima, asiamini. Akawaambia maofisa kwamba kama mtoto hayupo, hana la kusubiri, watangulize karatasi zake aondoke. Angekuwa na mtoto hai, utaratibu ulikuwa kusimama na kuunganishwa naye kwanza. Akishaondoka, kuwakutanisha tena ingekuwa kazi ya miaka. Wenzetu wa Zambia wakakubali kumleta mbele ya kompyuta mara moja tu, Ijumaa mchana. Siku iliyofuata alikuwa anasafirishwa kwenda mji wa uwanja wa ndege.

Neema alitueleza hayo Jumatano, amesimama mlangoni mwa kontena letu la mitambo, ndani ya uzio wa ofisi, macho mekundu.

"Mzee, mimi sijui mambo ya mitambo. Niambie tu kama picha itakaa."

Mzee Anselimu akainuka. Akachukua mfuko wake. Tukaenda.

Fundi mwingine angekimbilia kulaumu mnara, kwamba mtandao wa mkoa wote ni mbovu, akaenda kunywa chai. Mzee alibeba kompyuta yenyewe kutoka Chumba cha Kuonana, akaipitisha getini mpaka kwenye kontena la mitambo, akaichomeka kwa waya mfupi. Picha ikatiririka bila kuganda. Kwa hiyo mnara ulikuwa mzima, kompyuta nzima, ugonjwa uko katikati. Akairudisha. Akakitoa kile kipokezi mgongoni mwa mashine, mahali kilipobanwa na ukuta na bati, akakining'iniza juu dirishani kwa waya wa kurefushia. Ikapata nafuu. Akabadilisha masafa. Ikapata nafuu kidogo tena. Kisha saa ya uji ikafika, wafanyakazi wote wakashika simu na vishikwambi vyao vilivyokuwa vikinywa kwenye antena ile ile, na picha ikaganda. Nawaeleza haya kwa urefu ili mjue kwamba hakukimbilia jembe. Alianza na vilivyo vyepesi.

"Kwa nini tusimlete mama kwenye kontena?" nikauliza.

"Nimefikiri," akasema. "Kwanza kanuni ya getini: mkimbizi haingii bila kibali. Kibali kitatoka Jumatatu. Pili, umeona giza la mle ndani? Huyu mama anaongea kwa mikono. Anataka mwanga na nafasi ya viwiko. Na tatu," akatazama foleni ya watu waliokaa nje ya chumba, "hawa je?"

Akapima kwa mkanda. Umbali ulizidi mita mia, na waya wa aina ile ukizidi hapo ujumbe huchoka njiani. Ilibidi katikati pawepo kisanduku cha kuupokea na kuusukuma mbele, mahali penye umeme na pakavu. Katikati palikuwa jiko la uji. Mpishi mkuu alisema hataki madude jikoni kwake. Mzee akaonja uji wake, akausifu kwa Kiha, na mpishi akatuachia kona ya stoo ya unga, mbali na moshi.

Mtaro ndio ulionitisha. Udongo ulikuwa mwekundu, umelowa, na sisi tulikuwa wawili wenye umri wetu. Alhamisi asubuhi tukaanza. Mzee alichimba kidogo, akasimama kuvuta pumzi. Mwanamume mmoja kwenye foleni akainuka, akamsalimu kwa Kirundi, "Amahoro, Muzehe," akamtoa jembe mkononi kwa adabu. Akafuata mwingine. Yuliana alikuwa amewaeleza foleni nzima waya ule ni wa nini. Wale ni wakulima, jamani. Walichimba kwa mstari, wakiimba, na mtaro ukatoka umenyooka kuliko barabara zetu. Wanawake wakapitisha mabomba ya plastiki mkono kwa mkono. Bomba ni kwa ajili ya panya na mchwa. Waya ulio uchi ardhini Kigoma hauishi msimu. Daforoza alifukia udongo kwa miguu yake, Kezia nyuma yake akikanyagakanyaga vilevile, homa imekwisha.

Jioni tukabana vichwa, Mzee akanawa mikono kwanza, tukajaribu. Taa ndogo ya kijani ikawaka kila upande. Picha ikakaa. Mzee akasema, "Vizuri," na kwa mtu aliyemjua hiyo ilikuwa hotuba.

Ijumaa mchana wingu likatoka upande wa ziwa.

Daforoza alikuwa ameshakaa kwenye benchi, kitenge kipya, Kezia miguuni. Yuliana pembeni, Neema mbele ya kompyuta, saa ya miadi imefika. Radi ikapiga mlimani. Mzee akainuka, akachomoa waya nyuma ya kompyuta. Akatoka kwenye mvua mpaka jikoni, akachomoa na huko. Aliporudi Neema alikuwa amesimama.

"Mzee, umefanya nini? Wenzetu wako hewani sasa hivi!"

"Najua."

"Chomeka hata dakika tano!"

"Sichomeki." Maji yalikuwa yakimtiririka usoni. "Neema, mwanangu, waya huu ni shaba, uko ndani ya udongo uliolowa. Mtandao unaupita, na radi nayo inaupita. Huyu mama amegusa meza ya chuma. Mtoto amemgusa mama. Niwaunganishe na wingu?"

Radi ikapiga tena, karibu zaidi, mabati yakalia. Neema akakaa. Daforoza hakusikia ngurumo wala maneno, alitazama tu nyuso zetu moja moja, akitafuta kujua, na Yuliana akamweleza kwa mikono: mvua, ngoja.

Mzee akanigeukia. "Mwamini, ile yako ya mapajani ina chaji?"

Ilikuwa nayo. Waifai ilikuwepo bado, dhaifu lakini ipo, na antena yake ilikuwa mbali na meza yetu. Picha isingepita, lakini maandishi machache yangepita. Nikawaandikia Zambia: msimwondoe, tuna radi, tunakuja. Ujumbe ulizunguka, ukazunguka, ukaenda. Jibu likaja baada ya muda ulionizeesha: anataka kuondoka, tunamzuia, fanyeni haraka.

"Wanasema nini?" akauliza Mzee.

"Tufanye haraka."

"Waambie haraka ni ya Mungu, sisi tuna uangalifu," akasema, kisha akafikiri. "Hapana. Waambie asante."

Akasimama mlangoni akihesabu kimya kimya kati ya mwanga na ngurumo. Mimi nilifanya kazi naye miaka mingi na sijawahi kumheshimu kama nilivyomheshimu katika ile nafasi ya mlango. Sisi sote ndani tulitaka achomeke. Yeye naye alitaka, nilimwona akiitazama plagi. Hakuchomeka. Wingu likasogea upande wa Burundi, ngurumo ikawa mbali, ikawa mbali zaidi, mpaka mwanga ukaja bila sauti. Ndipo akaenda jikoni, akarudi, akapiga magoti nyuma ya meza, akachomeka.

Taa ya kijani. Kioo. Goreti.

Alikuwa amejifunga khanga kichwani, macho yamevimba, mikono ameilaza mapajani kama mtu asiyekuwa na la kusema. Daforoza akaanza taratibu. Akagusa sikio mara mbili. Mzima. Goreti akainua mikono.

"Anasema, mama usinifariji," Yuliana akatunong'oneza.

Daforoza akamvuta Kezia mbele. Mtoto akajificha kwenye kitenge, akatolewa, akamkodolea macho mwanamke asiyemjua. Goreti naye akamwangalia kama alivyoiangalia ile picha, kwa uchungu, bila kumtambua. Hakuna aliyemwambia Kezia afanye chochote. Alitazama tu, kisha akafanya alilozoea kulifanya mgeni anapofika nyumbani kwao. Akapeleka vidole mdomoni, akafungua kiganja, akainua nyusi.

"Umekula?" akanong'ona Yuliana.

Ishara ile haikuwepo popote duniani isipokuwa jikoni kwa Daforoza. Goreti aliijua tangu utotoni mwake. Kioo hakikuganda. Tuliona uso wake ukibadilika, kidogo kidogo, bila kuruka hata hatua moja. Mkono wake ukapanda, ukajibu: bado.

Kezia akamgeukia bibi yake, akamwonesha kwa vidole: mpe uji.

Goreti akacheka na kulia pamoja, akasema kwa sauti, neno la kwanza tulilolisikia kwake: "Ni uwanje!" Ni wangu. Yuliana hakutafsiri, maana alikuwa analia, na haikuhitaji. Wakazungumza kwa mikono watatu wao kwa muda mrefu, na sisi tukatoka nje. Ukisimama pale ungedhani chumba ni kitupu. Neema alikaa kwenye tope na gauni lake la kazi. Mzee alisimama chini ya ubati akifuta bisibisi iliyokuwa imeshakauka.

Goreti hakupanda ndege ile. Nafasi yake ikachukuliwa na mwingine, na kupata nyingine kulichelewa sana, mpaka Neema akapata mvi. Lakini wakati huo wote alionana na mwanawe kila zamu yao ilipofika, na Kezia akakua akijua uso wa mama yake. Waya ule ulihudumia foleni yote. Kisanduku cha stoo ya unga nilikibadilisha mwenyewe mara mbili, ndani kimejaa unga kama keki. Mwishowe karatasi zikakamilika, bibi na mjukuu wakaitwa kwenda kuungana na Goreti.

Siku ya kuondoka kwao Mzee Anselimu alikuwa ameshushwa Bangwe kuitazama ofisi iliyopigwa na mafuriko. Daforoza, kwa kibali cha kuaga, alimtafuta kontena zima. Alipoelewa kwamba hayupo, alinishika mkono, akanifanyia ishara ambayo sikuwa nimewahi kuiona: akasugua viganja kama anayenawa, kisha akavuta kitu chembamba kutoka kwenye kiganja kimoja, polepole, kwenda mbali. Nikamtazama Yuliana.

"Ni jina," Yuliana akasema. "Amempa Mzee jina. Watu wake wote wana jina la mkono. Anasema umwambie, ili asife bila kulijua."

Basi likawachukua. Mzee aliporudi, matope magotini, nikamkuta anapanga vifaa kwenye mfuko wake. Nikamwonesha ile ishara, nikamwambia ni jina lake. Akanitazama, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaweka koleo chini, akanyanyua mikono yake ile minene ya nguzo za simu, akajaribu. Mara ya kwanza alikosea, akaanza na kuvuta kabla ya kunawa. Akatikisa kichwa. Mara ya pili akalipata.